Mtani Aliyekula Sauti

Treni ya kutoka Dar iliingia Tabora imechelewa, kama ilivyozoea, na stesheni nzima ikageuka viwiko na mabegi. Katikati ya purukushani hiyo Lukumani, fundi kompyuta wa sokoni aliyekwenda kupokea kifurushi cha vipuri, akamwona msichana wa gauni la kitenge cha manjano, kabeba kitu mgongoni kwa khanga. Mtoto huyo alikuwa na pembe.

"Dada, mwanao kafanana na kompyuta," alisema Lukumani.

"Kafanana na baba yake. Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Ndiyo maana. Nyie mkiona mzigo kichwa kinawawasha. Mimi Mzaramo, mtani wako. Njoo ubebe, uache maneno."

Akabeba. Tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakikutana kwenye njia ya pembe za ndovu, Wanyamwezi na Wazaramo wameruhusiana kutukanana na kunyang'anyana bila kununiana, na Lukumani hakuwa mtu wa kuiacha ruhusa kama hiyo ioze. Alibeba mpaka mtaa wa Ng'ambo, kwa Mzee Mfaume, baba wa msichana. Mzee huyo aliletwa Tabora na chama cha ushirika wakati wa Ujamaa, kijana wa kupima tumbaku, akasahau kurudi kwao Kisarawe. Sasa kifua kilikuwa kinamsumbua, na bintiye Zamda alikuja kumuuguza.

Zamda akafungua kibanda cha kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi. Haikupita wiki bila simu.

"Fundi, printa imegoma."

"Umechomeka waya?"

"Kwani nikichomeka utakuja?"

Lukumani alikwenda, shati limepigwa pasi, marashi yanamtangulia. Jioni alimsindikiza Zamda mpaka nyumbani, akampa mzee shikamoo yake, akapokea marahaba na swali lile lile: "Mpagazi, leo umeleta mzigo gani?" Kisha mzee akasimulia visa vyake. Alikipenda sana kisa cha bibi mmoja wa upande wa Kigwa, ambaye watu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa alikubali kuhama kwa sharti kwamba mlango wake nao uhame, akaung'oa na kuubeba kichwani njia nzima. Zamda alimrekodi kwa simu, visa vyote akavihamishia kwenye kompyuta, simu isijae.

Kompyuta nayo ikajaa. C, sehemu ya diski inayoendesha mashine yenyewe, ilifurika mpaka alama yake ikawa nyekundu, na kuchapa barua moja ikawa kazi ya asubuhi nzima. Jirani yake D alikuwa na nafasi tele. Lukumani akaeleza kwa madaha: C inaweza kupanuliwa, ila ukuta wake unasogea upande mmoja tu, na upande huo kalala D. Lazima D ifutwe kabisa, ndipo C ijinyooshe.

"Humo kuna sauti za baba," alisema Zamda. "Zihamishe kwanza."

"Kazi ndogo hiyo, mpenzi."

Zamda akaondoka kumpeleka mzee kliniki. Lukumani akachomeka flashi yake, ambayo ilikuwa imesheheni filamu; ikajaa kabla uhamishaji haujafika popote. Angeweza kuzifuta filamu. Alizionea huruma. Diski yake kubwa ilikuwa nyumbani, Kwihara, na alikuwa ameshasimama kuifuata simu ilipolia.

"Umemaliza, kipenzi?"

Sauti ilikuwa tamu mno kujibiwa "Bado." "Nimemaliza," alisema.

Neno likatangulia, mkono ukafuata kulitimiza. Akaifuta D, akaipanua C, alama nyekundu ikawa ya bluu, kompyuta ikafunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Hapo ndipo akili ilipomrudia. Alitafuta programu za kurejesha vilivyofutwa, lakini alipopata upenyo wa kuzitumia, kazi mpya za wateja zilikuwa zimeshalala juu ya kitanda kile cha D.

Siku ya pili yake, barazani, Zamda aliuliza sauti ziko wapi.

"Nimezila," alisema Lukumani. "Mtani ana haki."

Zamda alicheka, akamchapa kwa ncha ya khanga. "Utazitapika nikizitaka." Mzee Mfaume naye alicheka mpaka akakohoa. Lukumani akacheka pamoja nao, na kicheko hicho ndicho kilichokuja kumnyima usingizi. Mzee alikuwa hai, kakaa kwenye mkeka na kahawa yake mkononi. Neno moja la kweli, na angeanza upya na bibi na mlango wake. Kila siku Lukumani alipanga kulisema kesho. Kesho moja ikaja na msiba wa mzee.

Baada ya mazishi Zamda alipiga simu kuomba zile sauti. Alitaka zisikike siku ya arobaini. Lukumani akasema atazileta. Kisha akaanza kutopokea simu, na akiiona khanga anayoijua sokoni, anaingia uchochoroni. Siku moja akapokea kwa bahati mbaya.

"Kama umepata mwingine, sema. Mimi si mtoto."

Kwa Lukumani, aibu ya kuitwa mhuni ilikuwa nyepesi kuliko ile aliyoibeba, akaiacha imfunike. Zamda akakata.

Siku ya arobaini ua ulijaa watu na harufu ya pilau. Watani walikuwa wakingojewa. Mnyamwezi anayejua kazi yake hufika kavaa suruali nje ndani, akadai kanzu ya marehemu na kitanda chake. Lukumani alikuja kavaa kanzu safi, kichwa chini. Wanawake wakaanza kucheka kabla hajafungua kinywa.

"Leo sina utani," alisema.

Wakaangua kicheko zaidi. Zamda peke yake hakucheka. Aliutazama mkono wa Lukumani ulioshika flashi, akamwita nyuma ya jiko.

"Sauti za baba nilizifuta," alisema Lukumani. "Uliponipigia siku ile zilikuwa bado zipo. Nilikwambia nimemaliza, halafu ndiyo nikafuta. Na mwingine sina."

"Uliniambia umezila. Nikacheka."

"Nilisema vile ili ucheke."

Zamda alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. "Na baba alikuwa amekaa pale pale."

"Pale pale."

Kwenye flashi ilikuwa imepona rekodi moja tu, ya majaribio. Wakaenda chumbani, kwenye kompyuta iliyorudishwa nyumbani tangu msiba, wakaisikiliza. Mzee alikohoa, akauliza, "Imeanza hii? Zamda, imeanza?" Basi.

Zamda aliirudisha mwanzo, wakaisikiliza tena.

"Ungekuwa na mwingine ningekusamehe upesi," alisema hatimaye. "Watani hutozana faini ya jogoo, lakini hapa jogoo hatoshi." Akaweka simu yake mezani, akabonyeza. "Bibi wa Kigwa. Baba alikusimulia mpaka ukachoka. Sasa simulia wewe. Kwa sauti yako. Ukimwiga baba nakufukuza."

Lukumani aliisogelea simu.

"Imeanza?" aliuliza.

Zamda aliziba mdomo kwa pindo la khanga, mabega yakamtikisika, na Lukumani hakujua kama ni kilio au kicheko.

"Endelea, mpagazi," alisema. "Huu ndio mzigo wako. Na kesho ukija, uje na diski isiyo na filamu."