Pasti za Ijumaa za Lottie Magowan

Majirani zangu, na ninyi nyote mlio na mama mzee anayeishi peke yake, nipeni sikio kidogo. Sitawaliza. Mimi mwenyewe sijalia bado, na miezi mitano imeshapita tangu msiba.

Kila Ijumaa alasiri mtaa wetu hapa Belfast ulinukia kitunguu, na kila mtu alijua harufu inatoka jikoni kwa Lottie Magowan. Alikunja mikono ya sweta, akachanganya nyama ya nguruwe ya kusaga na viazi vilivyopondwa, kitunguu, chumvi na pilipili nyeupe ya kutosha kukupigisha chafya. Akaviringa madonge, akayabana kwa viganja mpaka yakawa bapa na mviringo, akayachovya kwenye rojo zito la unga na kuyatumbukiza kwenye mafuta ya ng'ombe yaliyochemka. Hizo ndizo pasti zetu. Sufuria ya mafuta haikuondoka jikoni mwake. Ilikaa juu ya jiko la umeme wiki nzima, mafuta yameganda meupe chini ya kifuniko, kama ilivyo katika nyumba zetu zote.

Mumewe, Sammy, aliyekuwa fundi wa meli, alikuwa amekufa miaka tisa nyuma. Watoto wao wawili walihamia nje ya mji. Ijumaa, wakitoka kazini, Norman na dada yake Hilary walipitia kuchukua pasti zao, kila mmoja sita, zimefungwa kwenye gazeti. Zamani waliingia wakala mezani. Baadaye wakawa wanakula wamesimama. Mwisho wakawa wanapokea mlangoni, gari linanguruma nje.

Februari iliyopita nilikwenda kuazima sukari nikamkuta Lottie amekaanga pasti kumi na mbili za viazi vitupu.

"Lottie, nyama iko wapi?"

"Imo humo."

"Haimo, mwenzangu. Nimeipasua moja."

Tuliitafuta. Tuliipata kabatini, katikati ya mablanketi, bado imo kwenye karatasi ya muuza nyama. Lottie aliketi kitandani akaipakata.

"Ina," akaniita kwa jina langu, "usiwaambie watoto. Wakijua watanipeleka kwenye nyumba ya wazee. Nitakufa huko nikitazama ukuta."

"Watakuuliza pasti zao," nikamwambia.

"Basi nipikie wewe. Unajua ninavyopika. Si mimi niliyekufundisha?"

Nikapika. Nilijiona mwema sana siku ile, nawaambia ukweli. Ijumaa iliyofuata nikapika tena, jikoni kwangu, nikampelekea saa kumi, nikaziweka kwenye oveni yake zipate moto. Niliketi nyuma, sebuleni, nikisikiliza mlango.

"Mama, mzima?" Hiyo ni sauti ya Norman.

"Mzima, Sammy."

"Sammy tena? Mama bwana, unanizeesha. Mimi ni Norman, yule mzuri."

"Najua wewe ni nani. Shika, zisipoe."

Akacheka, akambusu shavuni, akaondoka. Mama yake alikuwa amevaa sweta mbili, moja ameigeuza ndani nje. Hakuona. Aliona gazeti na kilichofungwa ndani yake.

Hilary alikuja baada yake, naye hakuvuka kizingiti.

"Mama, wiki iliyopita ulipatia kweli. Miezi ya nyuma pilipili ilikuwa imepungua, nikamwambia mume wangu labda mama anazeeka. Kumbe wapi."

"Nazeeka mimi?" Lottie akamjibu. "Tangulia wewe."

Wakacheka wote wawili. Nami kule ndani nilitabasamu, kwa kuwa nilisifiwa.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, Februari mpaka Juni. Lottie alizidi kupotea. Alianza kunisalimia kwa jina la dada yake. Alilala na viatu. Mara mbili nilimkuta amewasha jiko na hakuna kitu juu yake, nikazima, nikamwekea chai mezani. Mnaniuliza kwa nini sikuiondoa ile sufuria ya mafuta. Niliwaza kuiondoa. Kisha nikawaza, watoto wakichungulia jikoni wasiione, watauliza mama anakaangia nini. Kwa hiyo niliiacha palepale, ipate kuonekana. Hakuna aliyechungulia.

Jumanne moja asubuhi nilikuwa uani naanika mashuka. Nikasikia harufu ya mafuta yanayokaanga, nikajiuliza nani huyu anakaanga siku ya Jumanne. Nikaanika shuka la pili. Ndipo nikaona moshi mweusi unatoka dirishani kwa Lottie.

Nilikuwa na ufunguo. Nilipofungua, moshi ulinirudisha nyuma, na jirani wa ng'ambo akanishika mabega nisiingie. Watu wa zimamoto walimtoa wakamlaza kwenye lami. Walituambia alitaka kuchemsha birika, akawasha upande wenye sufuria. Mafuta yaliposhika moto aliyamwagia maji kwa jagi. Hapa kwetu kila mtu anajua kwamba mafuta yakiwaka unazima jiko na kufunika sufuria kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, na kwamba maji ni mwiko. Mimi nilifundishwa na Lottie, wiki nilipohamia hapa nikiwa bibi harusi.

Alikufa kabla ya saa sita. Nilirudi uani nikamaliza kuanika mashuka yaliyobaki. Sijui kwa nini nawaambia hilo.

Jiko lake likiwa limeteketea, matanga yaliwekwa sebuleni kwangu. Jeneza lilikaa chini ya dirisha, watu wakaja na sandwichi za nyama, chai ikamiminwa mpaka mkono ukachoka. Norman alikuja akaketi karibu yangu na kikombe chake.

"Angalau akili yake ilikuwa timamu mpaka mwisho, Shangazi Ina. Hilo ndilo linalonifariji. Zile pasti za Ijumaa iliyopita, sijawahi kula tamu kama zile."

"Zile nilipika mimi, Norman."

"Zipi?"

"Za Ijumaa iliyopita. Na za kabla yake. Tangu Februari."

Hilary, aliyekuwa akigawa keki, akasimama na sahani mkononi. "Na mama?"

"Mama yenu alikuwa hawezi tena kuchemsha yai. Alikuwa hajui leo ni siku gani. Aliniomba nisiwaambie."

"Sasa wewe ukanyamaza?" Norman akasema. Sauti yake ilipanda na watu wakageuka. "Ukatuacha tunakula?"

"Nikawaacha mnakula."

Akaweka kikombe chini akaenda kusimama barazani. Hilary aliketi kwenye ngazi akalia kwa sauti kama mtoto. Nilimtazama. Nilitaka kumshika mkono, lakini sikuhisi mkono wangu mwenyewe. Nikaenda kuweka birika.

Funzo

Ndugu zangu, mama hapimwi kwa chakula anachokupa mlangoni. Zima gari. Ingia, vua koti, keti kwenye kiti chake, fungua kabati lake, mwulize leo ni Ijumaa au Jumanne, na umsubiri ajibu. Na ukiona mafuta yamekaa jikoni kwa mzee aliyeanza kusahau, yaondoe siku hiyohiyo, hata akikununia.

Na kwako wewe jirani mwema: siri ya mgonjwa inayoweza kumuua si ya kutunzwa. Afadhali akuchukie akiwa hai. Watoto wa Lottie hawakuingia ndani, na hilo watalibeba wenyewe. Mimi niliingia kila siku. Namba zao zote mbili za simu zilikuwa zimebandikwa ukutani kwake, kando ya mlango, nami nilizipita kila Ijumaa nikiwa na sinia mikononi.