Kinywa Kilichofungwa Diepsloot

Kila asubuhi kabla ya shule, Arnaud alikuwa na mzigo wake. Alishuka ngazi za ghorofa yao ya Troyeville akiwa na kiti cha plastiki kichwani, mwavuli mkubwa begani, na mfuko wa rasta, zile nywele za kuongezea, ukining'inia mkononi. Mama yake, Goreth, alitangulia, kitana kimechomekwa kwenye kilemba. Walikwenda hadi karibu na robot, kama watu wa Johannesburg wanavyoziita taa za barabarani, na hapo kando ya njia Goreth akafungua saluni yake isiyo na ukuta wala mlango.

Njiani hawakusemezana. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba: ukitoka nje, mtoto, funga kinywa.

Sheria yenyewe ilizaliwa Diepsloot, mtaa wa mabanda pembezoni mwa Johannesburg, mwaka 2008. Wazazi wa Arnaud, waliokimbia vita Burundi, walikuwa na spaza huko, duka dogo la mtaani la mkate, sukari na mishumaa. Mwezi wa tano watu wenye hasira wakaanza kuwasaka wageni. Walimsimamisha mtu njiani wakamsemesha Kizulu. Akibabaika tu, kipigo. Duka liliporwa mpaka misumari ya rafu. Walipokuwa wanakimbia, Goreth alimziba mwanawe mdomo kwa kiganja.

"Ukiwa nje usiseme neno, mwanangu," alimnong'oneza. "Wakisikia unavyoongea, tumekwisha."

Arnaud alikuwa na miaka tisa. Sasa ulikuwa mwaka 2012, ametimiza kumi na mitatu, na Kizulu alikimwaga kama aliyezaliwa Soweto. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba sheria ile imekwisha. Akisalimiwa, aliinua kidevu, basi. Mpira wa mtaani hakuruhusiwa. Akitoka shule alijifungia ndani. Baba yake, Damien, mlinzi wa usiku, alikuwa amelala kwa saa hizo, na mama bado yuko kwenye vichwa vya watu.

Mwezi wa nane mwalimu aliwaambia wanafunzi wajigawe makundi, wasichana na wavulana pamoja, kila kundi liandae ngoma ya Siku ya Urithi, sikukuu ya taifa ya mwezi wa tisa. Viti vikaburutwa, majina yakaitwa huku na huku. Vumbi lilipotulia, Arnaud alikuwa amebaki katikati ya darasa kama mzigo uliosahauliwa kituoni.

"Nothile!" mvulana mmoja akapaza sauti. "Kundi lenu limepungukiwa na mvulana. Mchukue Arnaud!"

Nothile, msichana wa kiti cha mbele, akageuka akamtazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Huyo? Heri nicheze na kiti. Kiti angalau ukikivuta kinalia."

Darasa zima likaangua kicheko. Hata mwalimu alijifanya anakohoa. Mwishowe Arnaud alipangiwa kazi ya kulibebea kundi la Nothile ngoma.

Siku hiyo alirudi nyumbani, akafungua simu ya zamani aliyopewa na binamu yake, akaingia kwenye vyumba vya soga. Huko watu wasiojuana huandikiana maneno kutwa nzima. Akakuta chumba kinachoitwa Tuliokataliwa, akaandika mstari mmoja tu: "Leo msichana amesema heri acheze na kiti."

Majibu yalimiminika. "Karibu, ndugu." "Pole, tunakuelewa." "Hata mimi." Arnaud akatabasamu peke yake kitandani. Kwa miaka minne hajasemeshwa na watu wengi namna hiyo kwa siku moja.

Basi akawa mtu wa chumba kile. Mkubwa wao, aliyejiita Komanda, alikuwa na jibu la kila kitu. Wasichana, alisema, hutazama viatu vya bei, urefu, na mvulana ambaye baba yake ana gari. Ukikosa hivyo, hata ufanyeje, umekwisha. Na kosa ni lao. Kulikuwa na mwingine, aliyejiita Ziro, ambaye hakutukana mtu. Yeye alisema tu kwamba siku yake ya kuzaliwa imepita na hakuna aliyetaja jina lake.

Arnaud alijitazama kwenye kioo, akaona viatu vya bei rahisi na kimo kifupi. Kumbe ndiyo sababu! Akaacha hata kuinua kidevu. Nothile akipita, yeye alitazama ukuta.

Wiki moja kabla ya sherehe, Komanda akamwandikia: "Umekula maneno yetu, sasa lipa. Leta picha ya yule wa kiti. Picha ya aibu, na namba yake ya simu. Tutamtukana mpaka aizime. Usipoleta, wewe si mwenzetu. Toka."

Arnaud akaisoma mara mbili. Akitoka kule, atabaki na nani?

Jumamosi ikawa kama vile Komanda mwenyewe ameipanga. Arnaud yuko kando ya njia anamsaidia mama yake kuchambua rasta, mara Nothile huyo, amekuja kusukwa kwa ajili ya ngoma. Alikuwa amempigia Goreth simu tangu Alhamisi kuomba nafasi, kwa hiyo hata namba yake ilikuwepo kwenye simu ya mama. Hakumwona Arnaud, aliyekuwa ameinama nyuma ya mfuko. Akaketi, Goreth akamwinamisha kichwa, kazi ikaanza.

Anayesukwa ni mfungwa. Hageuki, hainuki, kidevu kiko kifuani, macho kwenye vidole vya miguu yake. Baada ya muda kidogo upande mmoja wa kichwa cha Nothile ulikuwa na mistari inayong'aa, na upande wa pili umesimama wima kama jogoo aliyeona paka. Arnaud akatoa simu taratibu. Akapiga picha. Akaandika namba. Kidole kikatua juu ya kitufe cha kutuma.

"Ma," Nothile alisema akiwa amejiinamia, kwa Kizulu, "ni kweli wewe ni mama yake Arnaud?"

"Ndiye wangu. Mnasoma pamoja?"

"Tunasoma, ila yeye hatutaki."

Mikono ya Goreth ikapunguza mwendo. "Anawakataa vipi?"

"Eish, Ma! Mwezi wa sita wote nimemwambia 'sawubona' kila asubuhi. Ananiinulia kidevu kama mwenye nyumba anayedai kodi. Nikauliza wenzangu, nao vivyo hivyo. Tukasema, huyu anatuona sisi takataka. Siku ile nikamtolea maneno mabaya darasani. Nilikuwa na hasira. Mtu unamsalimia mwezi mzima!"

Kidole cha Arnaud kikaganda. Viatu havikutajwa. Kimo hakikutajwa. Gari la baba halikutajwa.

Goreth alikuwa ameacha kusuka kabisa, uzi wa rasta umelegea mkononi. Alitazama nyuma ya mfuko, akamwona mwanawe, macho yamemjaa machozi. Akakumbuka kiganja chake, Diepsloot.

"Arnaud," alisema kwa sauti ambayo wauza ndizi wote wa kando ya njia waliisikia. "Mjibu mwenzako."

"Mama... hapa nje?"

"Hapa hapa nje. Fungua kinywa, mwanangu."

Nothile alishtuka, akataka kugeuka, Goreth akamrudisha kichwa chini. Labda ilikuwa heri. Maneno mengine hutoka vizuri usipotazamwa usoni.

"Sikuwa najidai," Arnaud alisema. Sauti ilikwaruza. "Niliambiwa nisiongee nje. Watu walitufukuza Diepsloot kwa sababu ya kuongea. Nikazoea. Nikadhani ninyi mnanicheka kwa viatu."

"Viatu? Nani ametazama viatu vyako?"

Arnaud akaitazama simu. Angeweza kuifuta ile picha kimya kimya na asijue mtu. Lakini kinywa kilikuwa kimeshafunguka, akaona akifunge tena ili iweje?

"Na kuna jingine. Nimekupiga picha sasa hivi, ukiwa hivyo. Nilitaka kuituma mahali wakutukane. Sijaituma."

"Nini? Lete hapa!"

Alimpelekea simu chini ya uso. Nothile akaiona picha, akawaka moto. "Una bahati nimesukwa nusu! Ningekuwa nimemaliza ningekuondoa hapa kwa kiti hiki hiki!"

"Una haki," alisema Arnaud. "Nisamehe."

Lakini Nothile alikuwa ameanza kusoma maneno ya chumba. Akasoma, akasoma, mwishowe akaguna.

"Chumba hiki kina mwenzake. Cha wasichana. Mimi nimo."

"Wewe?"

"Bibi yangu anafanya kazi za ndani huko mbali, anarudi mimi nimelala. Nizungumze na nani? Huko tunasema ninyi wavulana mnatazama wenye ngozi nyeupe tu, kwa hiyo weusi kama mimi tujifie. Maneno ni yale yale, Arnaud. Wamebadilisha jina la adui tu." Akamrudishia simu. "Futa. Mbele yangu."

Akafuta. Kisha akaaga chumba. Komanda akamwita msaliti, wengine wakamwagia matusi yale yale waliyomwandalia Nothile. Kabla ya kutoka, Arnaud alimwandikia Ziro pembeni: "Jina lako halisi nani? Mimi Arnaud, wa Troyeville."

Nothile alipoondoka, kichwa kimekamilika, Goreth alimketisha mwanawe kwenye kiti cha wateja.

"Sikiliza," alisema. "Nilikufunga kinywa ili uishi, na wakati ule nilifanya sawa. Kosa langu ni kusahau kukifungua. Mtu akinyamaza, wenzake wanaujaza ukimya wake na lolote walilo nalo. Wao walitia kiburi, wewe ukatia viatu. Na wale wa kwenye simu si mashetani. Ni watoto wapweke. Lakini upweke ukipewa mtu wa kulaumiwa, unageuka sumu."

"Ndiyo, Mama."

"Sijamaliza. Nothile si zawadi ya kwamba umekuwa mtoto mzuri. Akitaka urafiki, heri. Asipotaka, hajakuibia kitu, na bado ni mtu wa kuheshimiwa. Kazi yako ni kusalimia na kuitikia. Kesho tutamwambia na baba yako. Hata yeye amekaa kimya mno. Na ule mpira wa mtaani, nenda. Nitaogopa, lakini nenda."

Siku ya Urithi, kundi la Nothile lilicheza, na Arnaud hakubeba ngoma, aliipiga. Alikosea mara kadhaa. Nothile alimzomea kwa kicheko, naye akamjibu, tena kwa sauti.

Kesho yake walishuka ngazi na mzigo wao kama kawaida. "Sawubona!" Arnaud alimwambia mwuza ndizi. "Sawubona, baba!" akamwambia mzee aliyeketi mlangoni kwake. Kila salamu ilimpiga Goreth moyoni kama mlango uliobamizwa, lakini alitembea. Karibu na robot, pale Ziro alipoahidi kwa simu kwamba atakuja, walimkuta mvulana mwembamba amesimama, mikono mfukoni, anatazama viatu vyake.

"Wewe ni Ziro?" Arnaud aliuliza.

Mvulana akainua kidevu tu. Arnaud akacheka. Ile aliijua.

"Jina lako," alisema, na akangoja.

"Gradi," mvulana alijibu kwa Kiswahili cha Kongo, kwa sauti ndogo. "Natoka Bertrams, hapa karibu."

"Karibu, Gradi," Goreth akaitikia, kwa Kiswahili, katikati ya barabara, bila kushusha sauti. "Shika mwavuli huo, mwanangu, halafu muwahi shule."