Sauti ya Shangazi

Chiriku alikuwa fundi wa mapazia. Jina hilo alipewa na bibi yake tangu utotoni, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliongea akikata kitambaa. Aliongea akikanyaga cherehani. Bibi alizoea kusema, "Huyu hata akilala, ulimi unakesha."

Waliishi wawili tu. Sebuleni palikuwa na cherehani na marobota ya vitambaa. Bibi alikuwa na chumba chake. Chiriku alilala chumba cha nyuma, ambacho zamani kilikuwa cha shangazi yake, marehemu.

Kila mwezi, Chiriku alinyamaza.

Kwanza kiuno kilivuta. Kisha tumbo, chini ya kitovu, lilikamuliwa kama nguo mbichi. Alijikunja kitandani, magoti kifuani, akashika ubao wa kichwani. Kwenye ubao ule vanishi ilikuwa imelika mahali pa vidole vinne. Vidole vyake vilikaa pale sawasawa. Lakini si yeye aliyeimaliza vanishi ile. Ilikwisha kabla hajazaliwa.

Halafu sauti ilitoka. Ilikuwa nzito, ya chini, tena ndefu. Chiriku aliisikia akaogopa, maana haikufanana na yake.

Jikoni, mchana kweupe, Bibi aliitikia:

"Nipo, Mpole. Nipo, mwanangu."

Mpole lilikuwa jina la utani la shangazi. Chiriku aliita:

"Bibi, ni mimi!"

Bibi alikuja mpaka mlangoni. Hakuingia.

"Sauti si yako," alisema. "Mimi ndiye niliyemzaa. Namjua."

Mpole aliolewa, lakini kila mwezi alilia hivyo hivyo. Mtoto hakupatikana. Mume akamrudisha kwao. Majirani walisema ana jini. Bibi alimfungia mlango ili watu wasisikie, akamwambia avumilie, maana mvumilivu hula mbivu. Mpole alivumilia miaka mingi. Mbivu hakuziona. Mwishowe nimonia ikamchukua.

Sasa Chiriku aliogopa jambo moja tu. Aliona chumba kile kinamgeuza kuwa Mpole. Yeye naye ataishia pale, mlango umefungwa, akilia peke yake mpaka mwisho.

"Nihamishe, Bibi," alimwomba.

Bibi alitia kufuli chumba cha nyuma. Chiriku akalala sebuleni, kando ya cherehani. Wakangoja. Siku zilipokaribia, nyumba nzima iliingia ubaridi. Bibi alizima redio ili asikie vizuri, na Chiriku alishona bila neno, akitazama mlango uliofungwa.

Sauti ilipokuja haikutoka chumbani. Ilitoka pale pale sebuleni. Safari hii maumivu yalimchoma hata alipokwenda haja kubwa. Alitoka chooni akishika ukuta, jasho linamtiririka.

"Imemfuata," Bibi alinong'ona. "Haimo chumbani tena. Imo ndani yake."

Hapo Bibi alisema kweli bila kujua.

"Hodi!"

Alikuwa muuguzi wa hospitali, amefuata mapazia ya wodi. Alisimama kizingitini, akasikiliza.

"Nani anayelia hivyo?"

"Marehemu mwanangu," Bibi alijibu.

Muuguzi hakucheka. Aliuliza taratibu, "Huja lini?"

"Kila mwezi."

"Huja pamoja na hedhi ya huyu binti?"

Bibi alifikiri. "Ndiyo. Haijakosea hata mara moja."

"Bibi, nimesikia habari za majini wengi. Jini anayefuata kalenda ya hedhi, huyo bado sijamsikia."

Alipiga magoti kando ya Chiriku. Akamuuliza kuhusu tumbo, kiuno, haja na uchovu. Chiriku alijibu kwa aibu.

"Lakini dada, si ndiyo kawaida ya wanawake?"

"Maumivu kidogo, ndiyo. Maumivu ya kukuangusha chini na kukukatizia kazi si kawaida. Njoo umwone daktari wa magonjwa ya wanawake."

Walikwenda. Daktari, mama mtu mzima, alimpima Chiriku na kumpiga picha ya utrasaundi. Kwenye kioo kulionekana duara jeusi, limetulia.

"Kwa hiyo ndani yake kuna kitu?" Bibi aliuliza.

"Kipo," alisema daktari. "Ila si mtu."

Akawaeleza. Ndani ya mji wa mimba kuna utando. Kila mwezi utando huo hubomoka na kutoka kama hedhi. Kwa wanawake wengine, tishu inayofanana na utando huo huota nje ya mji wa mimba. Huota kwenye ovari, kwenye mirija, hata kwenye utumbo. Nayo huvuja damu kila mwezi.

"Damu hiyo haina mlango wa kutokea. Mahali hapo panavimba na kupata makovu. Viungo vinaweza kugandana. Ugonjwa huu unaitwa endometriosisi. Wako ni mkali; duara lile ni uvimbe wenye damu kwenye ovari."

"Nani kamfanyia?" Bibi aliuliza.

"Hakuna. Hauletwi na uchawi, hauambukizi, wala hauletwi na tabia mbaya. Chanzo chake hatujakijua chote. Ila mara nyingi hutembea katika ukoo. Mama, dada, shangazi."

"Shangazi?"

Bibi alimsimulia habari za Mpole. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Sikumwona, siwezi kuapa. Lakini ningetamani sana angekuja nikampima."

Bibi alifunika uso kwa kanga. "Mwanangu alikuwa mgonjwa," alisema. "Mgonjwa tu. Nami nikamfungia mlango."

Chiriku alimshika mkono. Kisha akauliza.

"Daktari, nitazaa?"

"Wengi wenye ugonjwa huu huzaa. Wengine huhitaji msaada. Siwezi kukuahidi, wala sikukatishi tamaa. Dawa ya kuufuta kabisa hatuna, na unaweza kurudi. Lakini tunaweza kuutuliza, ukaishi maisha yako."

Alianza na dawa za maumivu na vidonge vya homoni. Vilisaidia, lakini havikutosha. Basi Chiriku akafanyiwa upasuaji wa matundu madogo tumboni. Uvimbe ukaondolewa, na utumbo uliokuwa umegandana na mji wa mimba ukaachanishwa. Baada ya hapo aliendelea na homoni na kurudi kliniki kila alipopangiwa.

Maumivu hayakuisha yote. Siku nyingine kiuno kilivuta, akameza kidonge, akapumzika kidogo, akarudi kazini. Lakini ile sauti haikutoka tena. Chiriku akaongea mpaka wateja wakaomba nafasi ya kutaja vipimo vya madirisha yao.

Alasiri moja alikuwa akipanga marinda ya pazia. Sauti ikasikika. Ilikuwa nzito, ya chini, tena ndefu.

Bibi alimtazama mdomo. Ulikuwa umefumbwa.

Sauti ilitoka nyumba ya pili, kwa msusi.

Bibi hakuitikia. Alivaa ndala, akatoka, akabisha hodi. Msusi alifungua. Nyuma yake, binti yake mwenye sare ya shule alikuwa amejikunja sakafuni.

"Usijali, Bibi," msusi alisema. "Ni siku zake tu. Kila mwezi yuko hivyo. Namwambia avumilie."

"Nimeshazika mmoja aliyevumilia," alisema Bibi. "Mvalishe mtoto viatu, twende."