Jaribio la Kidoti

Foleni ya chai ilikuwa ndefu, ofisi nzima ina kiu. Kijana mmoja mrefu aligeuka na kikombe chake, chai ikatua kwenye blauzi ya manjano ya binti mwenye kidoti shavuni.

"Samahani, dada!"

"Dada yako nani? Lete kitambaa, Mrefu we!"

Mkiuliza mapenzi yao yalianzia wapi, wajukuu zangu, ni hapo.

Wote wawili walitengeneza programu ya kompyuta ya kusakia makosa ndani ya programu nyingine. Nayo, kila asubuhi, ilikaguliwa kwa majaribio mengi yanayojiendesha yenyewe. Sasa nawategea: mlinzi gani siku tisa husema salama, ya kumi hupiga kelele za mwizi, na mwizi haonekani? Mmeshindwa? Ni jaribio aliloliandika Kidoti.

Mwezi wa sita, Mrefu alimwomba wafunge ndoa.

"Nipe siku chache, mpenzi," Kidoti akasema.

Kesho yake akakuta jaribio lake limewekwa alama: LIRUKWE, yaani lisiendeshwe tena na mengine. Aliyeiweka ni Mrefu. Akampigia simu papo hapo.

"Umeliruka jaribio langu?"

"Linatuchosha, mpenzi. Leo linapita, kesho linaanguka."

"Na mimi jana sikukujibu. Utaniruka lini?"

Akakata.

Siku nne hakupokea simu yake. Mrefu, shati limekunjamana kama karatasi ya maandazi, aliiondoa ile alama, akaliendesha jaribio mara mia tano, akilitazama kila linapoanguka. Siku ya tano akamfuata Kidoti kwenye foleni ileile.

"Jaribio lako halina kosa, Kidoti wangu. Kosa ni la programu yetu. Inaiuliza ile programu inayoikagua swali, inangoja sekunde moja tu, kisha inasema imekufa. Kumbe iko hai, bado inajiandaa kujibu."

"Nani aliandika sekunde moja?"

Mrefu akatazama viatu vyake. "Mimi."

"Ukafanyaje?"

"Nimeifuta. Sasa inasubiri mpaka ijibiwe."

"Hata jibu likichukua mwaka?"

"Nitaleta kiti."

Kidoti akacheka mpaka watu wakageuka. Akamwondolea kikombe mkononi kabla chai haijamwagika tena.

"Kiti cha nini, mpenzi? Nilitaka nimwambie mama kwanza. Anakusubiri Jumamosi. Na hilo shati, tafadhali, lipige pasi."