Maua Katika Simu ya Mzee Pindo

Mzee Pindo alikuwa fundi cherehani. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu hakuna suruali iliyopita mbele yake ikiburuta chini, naye akanyamaza. Alishawahi kumsimamisha bwana harusi mlangoni pa ukumbi, akambana pindo la suruali kwa pini.

Cherehani yake ilikaa barazani. Sebuleni, bintiye alisuka watu nywele. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na kelele mbili: cherehani nje, umbea ndani.

Ikifika saa sita mchana, cherehani ilinyamaza. Mzee alifuta mikono. Aliitoa simu katika mfuko alioishonea mwenyewe, wenye pindo, bila shaka. Alibonyeza, akaiweka sikioni.

"Wewe mzee," ilisema sauti ya mwanamke. "Umekula? Na usiniambie umekunywa chai. Chai si chakula. Acha hiyo cherehani, ukale."

Ilikuwa sauti ya mkewe. Aliituma siku moja akiwa safarini. Sasa mke alikuwa ameshafariki, lakini amri yake ilikuwa bado hai. Mzee Pindo aliisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema, "Haya, mama, nimesikia," akaingia ndani kula.

Siku moja alibonyeza, simu ikapiga ngoma. Peremende za rangi zikaanza kulipuka kwenye kioo. Mtu akapayuka, "Cheza sasa! Ushinde sasa!"

"Sitaki kushinda," Mzee akaijibu simu kwa heshima. "Namtaka mke wangu."

Tangazo lile likaondoka, likaja jingine. Alama ya kulifunga ilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Mzee Pindo alikuwa ametunga uzi maisha yake yote, lakini tundu hilo lilimshinda. Kila alipoligusa, tangazo lilizaa mtoto.

Siku hiyo hakula. Kesho yake pia hakula.

Bintiye alifunua sahani, akakuta chakula kama alivyokiacha. Akatoka barazani na chanuo mkononi.

"Baba, chakula kina nini?"

"Hakina kitu."

"Basi wewe una nini?"

"Simu inanipigia kelele."

"Mzee kaanza kucheza magemu!" mteja akasema kutoka sebuleni. Alikuwa amesukwa nusu ya kichwa. Nusu ya pili ilisimama wima kama iliyoona nyoka.

Binti aliichukua simu. "Ulibonyeza nini, Baba?"

"Iliandika kwamba nafasi imejaa. Halafu likaja tangazo jekundu. Likasema simu yangu inaumwa, na Daktari wa Simu yuko tayari. Daktari akaomba ruhusa, nikampa. Akaomba nyingine, nikampa."

"Unamkaribisha mtu usiyemjua?"

"Daktari kaja kwa miguu yake mwenyewe, nimfukuze?"

Binti akashusha pumzi. "Basi dawa ni moja. Tunafuta vyote. Simu inaanza upya, kama ilivyotoka dukani."

Kidole chake kikasogea. Mzee Pindo akaudaka mkono wake.

"Usifute! Humo yumo mama yako."

Binti akaishusha simu. Hata mteja hakuuliza habari za nywele zake.

"Mama yumo vipi?"

Mzee akaeleza. Binti hakuwa akijua. Siku zote alidhani saa sita baba anasikiliza taarifa ya habari. Akajifuta machozi kwa mkono uliojaa mafuta ya nywele. Mafuta yakaingia machoni, akalia mara mbili.

"Twendeni kwa Bisibisi," akasema mteja. Akatangulia, na nusu kichwa chake.

Fundi Bisibisi alikuwa jirani yao. Alitengeneza simu katika kibanda ng'ambo ya njia, na bisibisi ilikaa nyuma ya sikio lake. Aliwasikiliza bila kuwakatiza.

"Tusifute kitu kwanza," alisema. "Tumtoe mama mahali pa hatari, ndipo tufagie."

Akaituma ile sauti kwenye simu ya binti. Kisha akainakili kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, akamkabidhi Mzee.

"Kitu usichoweza kukipata tena, usikiweke mahali pamoja tu," alisema. "Simu huanguka. Simu huibiwa. Simu huzama kwenye ndoo."

Baada ya hapo alifungua mipangilio, akaingia kwenye programu, akamkuta Daktari. Akabonyeza "Ondoa".

"Huyu si daktari, Mzee. Ni mpiga debe, ndiye anayekuletea matangazo haya. Tangazo haliwezi kujua kama simu yako inaumwa. Likikwambia hivyo, lifunge. Likigoma, zima simu. Na programu yoyote ikiomba ruhusa, jiulize: ruhusa hii ni ya kazi gani? Usipojua, kataa kwanza, uulize."

"Kukataa si utovu wa adabu?"

"Kwa mashine? Hata kidogo."

Kisha Bisibisi akafungua picha. Akakutana na maua. Maua mekundu ya "Asubuhi njema". Maua meupe ya "Uwe na siku yenye baraka". Video za jua likichomoza kwa vinanda. Yote yalitoka kwenye kundi la ukoo.

"Hiki ndicho kilichojaza simu. Mbona hujafuta hata moja?"

Mzee Pindo alishangaa. "Hizo ni salamu. Mtu akuamkie, wewe umtupe kwenye pipa?"

Mteja alitaka kucheka. Binti akamvuta msuko, naye akaghairi.

Bisibisi alifikiri kidogo. "Mzee, mteja akikuletea kitambaa ndani ya mfuko wa nailoni, unashona nini?"

"Kitambaa."

"Na mfuko?"

Mzee akayatazama yale maua. "Mfuko natupa."

"Salamu ukiijibu, umeshaipokea. Ua ni mfuko tu."

Kisha akamwonyesha jinsi ya kuzuia picha na video za kundi zisiingie zenyewe. "Sasa zitabisha hodi kwanza. Wewe ndiye utakayefungua."

Mzee Pindo alirudi barazani, akafuta maua mwenyewe, moja moja, kwa taadhima kubwa. "Dada, nimeitikia. Shemeji, nimeitikia. Wewe mpwa wangu, nimeitikia, lakini punguza."

Kesho yake, saa sita, cherehani ilinyamaza. Mzee alibonyeza. Hakukuwa na ngoma wala peremende.

"Wewe mzee. Umekula?"

Alifumba macho, akasikiliza mpaka mwisho. Alipofumbua, akaona shati lililobaki mkono mmoja tu.

"Nakuja," akaiambia simu. "Namalizia huu mkono." Akarudisha mguu kwenye cherehani.

Mara, nyuma yake, sauti ile ile ikasema kwa nguvu zaidi, "Chai si chakula. Acha hiyo cherehani, ukale."

Aligeuka. Bintiye alisimama mlangoni, ameinua simu yake juu.

"Umemsikia mama," alisema.

Mzee Pindo akaitazama simu yake. Akamtazama binti. Akaondoa mguu.

"Haya, mama zangu," alisema, "nimesikia." Akaingia ndani kula.