Bakuli la Mtani

Zilikuwa nyakati ambazo bunduki bado ni hadithi ya wasafiri katika nchi ya Unyamwezi, na vita vilipiganwa kwa mkuki, upinde na subira. Boma la Igulwa lilikuwa limezingirwa tangu mavuno, na sasa mkuu wake, mwanangwa Kasanda, alikuwa amekufa kwa jeraha la mshale.

Alilazwa ndani ya ngozi ya ng'ombe, jua likizidi kuwa kali, na hakuna aliyethubutu kumzika. Kaburi huchimbwa na mtani. Ndugu akilichimba, huwafungulia ndugu wengine njia ya kufuata. Nao watani wa ukoo wa Kasanda walikuwa nje ya uzio wa minyaa, upande wa adui.

"Nitakwenda kumwita Lugusha," alisema Kalunde, binti wa marehemu, kichwa kikiwa kimenyolewa.

"Akiingia ataona vihenge vya nafaka vitupu," shangazi yake alimnong'oneza. "Mwanangu, utatuuza sote kwa ajili ya maiti mmoja."

"Shangazi, maiti huyo ni baba."

Akatoka langoni, mikono kichwani. Pinde zikavutwa.

"Lugusha! Mtani wako amekufa, nawe umekaa unaota jua!"

Kisha mtu mrefu mwenye vikuku vya shaba akainuka.

"Amekufa bila ruhusa yangu? Mzee mkaidi yule!"

Kiongozi wake akamshika bega. "Nenda. Utazame chakula chao."

Lugusha akaingia bomani, akachimba. Alipomaliza, akajifunga kaniki ya marehemu, akachechemea kama alivyochechemea marehemu, akifoka: "Nani kagusa mkuki wangu? Wavivu wakubwa!" Shangazi akacheka, akalia, akacheka tena. Maiti akateremshwa.

Lakini mtani hafukii kaburi kabla hajalishwa. Lugusha akaketi ukingoni. "Chakula changu kiko wapi?"

Wapiga mishale wakatazamana, mmoja akashika kisu. Kalunde akaingia ndani, akarudi na bakuli la mti, akapiga goti, akaliweka mbele yake. Halikuwa na kitu.

Lugusha alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akanawa vumbi kwa vumbi, akatia mkono bakulini, akafinyanga tonge lisiloonekana, akala. Akala tena na tena, akalamba vidole, akacheua kwa kishindo.

"Mnapika vibaya," alisema, "ila mnapika kingi."

Akafukia kaburi, akatoka akijishika tumbo.

"Umeona nini?" kiongozi akamuuliza.

"Wale? Wamenilisha hadi nikashindwa kuinama. Tutazeeka hapa tukiwasubiri."

Kabla ya mvua za kwanza, jeshi liliondoka.

Wazee husimulia majina ya mashujaa wa vita vile, na la Lugusha hawalitaji. Ila katika ukoo wa Kalunde, kila afapo mtu, mtani huwekewa kwanza bakuli tupu, naye hula humo mpaka ashibe.