Kwa Niaba ya Marehemu

Haya, beua mdomo, na ukimaliza kubeua usikilize. Unasema majini hayakai ofisini, yanakaa kwenye magofu na mapangoni, kana kwamba wewe ndiye uliyeyapangisha. Jini au mzimu hukaa palipo na watu, na gerezani watu wamejaa mpaka wanalala kwa zamu. Kama huamini, kaa kimya wenzio wasikie.

Palikuwa na karani mmoja, mwanamke wa makamo, kazi yake kushughulikia madai ya wafungwa. Aliyeingia gerezani na viatu akatoka pekupeku, alidai kwake. Aliyevunjika mguu akiponda kokoto, alidai kwake. Alikaa nyuma ya dirisha lenye nondo. Mgongoni mwake stoo ya mifuko ya vitu vya watu, na meza ya pembeni alikaa mdogo wake wa kiume. Wazazi walikwisha kufa. Dada ndiye aliyemlea, na dada ndiye aliyemwombea ile kazi. Mtu mwenyewe alikuwa hawezi kupiga hata muhuri bila kutia mzaha, basi ofisi nzima wakamwita Kicheko.

Ofisi ile ilikuwa na utaratibu wake. Madai hayafungwi mpaka mdai aitwe kwa sauti dirishani, aitikie "Nipo," askari asikie. Lakini wapo waliodai wakafa kabla ya kuitwa, na maiti haitikii. Majalada yasiyofungwa yalimkosesha mkuu wa idara usingizi kila wakaguzi walipokaribia. Basi wakazoea hivi: akiitwa marehemu, mmoja wao anaitikia. Askari kasikia sauti, shughuli imekwisha, twende tukanywe chai.

Siku hiyo walikuwa wakifunga madai ya mfungwa waliyemwita Seremala. Msumeno wa mashine katika karakana ya gereza ulimkata mkono wa kulia. Alidai fidia ya mkono, akadai na mfuko wa vitu vyake uliopotelea stoo. Kidonda kikaoza, akafa, wakamzika wenyewe kabla mama yake hajapata habari.

"Seremala!" karani akaita, macho kwenye jalada.

"Nipo, afande, ila mkono nimeusahau karakana!" Kicheko akaitikia.

Askari akacheka. Karani naye akacheka, Mungu amsamehe, akapiga muhuri.

Kesho yake asubuhi Kicheko alishika kalamu kwa mkono wa kushoto.

"Tangu lini?" dada yake akauliza.

"Tangu lini nini?"

Akaendelea kuandika, herufi zikipinda kama za mtoto wa darasa la kwanza. Mkono wa kulia aliulaza mapajani, hakuutazama. Halafu ikaja harufu, harufu ya mbao mbichi zilizopasuliwa sasa hivi, katika chumba chenye meza za chuma na sakafu ya saruji. Karani akapitisha kitambaa juu ya meza ya mdogo wake. Kikatoka na unga wa mbao.

Wiki hiyohiyo mama yake Seremala akaja dirishani, kama alivyozoea. Alikuwa bibi mkavu, asiyemwogopa mwenye sare wala asiye nayo.

"Madai yamefungwa, mama," karani akamwambia. "Mwenyewe aliitwa, akaitikia." Maneno yalimtoka kwa mazoea tu, ndivyo alivyomwambia kila mtu.

Bibi akasogeza uso kwenye nondo. "Aliitikia? Mwanangu mliyeniambia mmemzika?"

"Ni utaratibu tu, mama."

"Kumbe humu mnafufua watu! Mbona hamtangazi, tuwalete na wengine?"

Nyuma ya karani, kiti kikasukumwa. Kicheko alikuwa amesimama, anamtazama yule bibi.

"Mama," akasema, "umekula?"

Sauti haikuwa yake. Ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo wa mtu aliyevuta vumbi miaka mingi. Bibi akaachia nondo. Akageuka, akaondoka bila kuaga, anapepesuka.

Tangu hapo Kicheko hakucheka tena. Nyumbani alikaa ukutani, mkono wa kulia ameubana kwapani, chakula hataki, na giza likianza kuingia dada yake alisikia mlio mwembamba wa msumeno ukitoka kusikojulikana, umeme umekatika mtaa mzima lakini msumeno unalia, unapanda, unashuka, unasita kana kwamba umekutana na kitu laini, kisha unaendelea, na mdogo wake palepale ukutani anajikunja kila unaposita, jasho linamtiririka, anauliza kwa ile sauti nzito kama mama amefika dirishani, kama kuna mtu aliyempa mama chochote. Ngozi ya mkono ikaanza kuwa nyeusi vidoleni. Ikapanda kiganjani. Ikanuka uozo, na kidonda hakuna.

Karani alimpeleka kwa mganga. Mganga alimnusa tu, akarudi nyuma hatua.

"Huyu aliyemo ndani yake siwezi kumtoa," akanong'ona. "Hakuvunja mlango. Aliitwa, na huyu mwenzenu akaitikia badala yake, akampa pa kukaa. Ananisikiliza mimi kwa lipi? Mtafuteni anayemsikiliza."

Basi karani akaenda kwa yule bibi. Alimkuta anapepeta, hakukaribishwa kiti.

"Umeniletea fidia?"

"Nimekuja kumwomba mdogo wangu, mama."

"Mimi wangu nilimwomba kwa nani?" Bibi hakuacha kupepeta. "Mlimzika kama paka. Leo ananiuliza kama nimekula, na wewe unataka nikamfukuze. Una moyo wewe, au umewekewa muhuri humo kifuani?"

Karani akapiga magoti mavumbini. "Mkono umeoza mpaka kwenye kiwiko, mama. Atakufa. Sina mwingine."

Ungo ukasimama. "Unanuka?"

"Unanuka."

Bibi akauweka ungo chini. Kisha akaanza kutafuta ndara zake, na kwa kuwa macho yalikuwa yamemjaa maji hakuziona, ingawa zilikuwa miguuni pake.

Nyumbani hawakumwona Kicheko; walimkuta kule ofisini, stoo. Alikuwa ameteremsha mifuko yote kutoka kwenye rafu, anaipekua kwa mkono mmoja, mashati ya watu na mikanda ya watu na picha za watoto wa watu zimetapakaa sakafuni, na juu ya vyote vumbi la mbao linashuka polepole kutoka kwenye dari isiyo na mbao, linamkaa nyweleni, na msumeno sasa hauko mbali tena, unalia ndani ya kuta zenyewe mpaka meno ya karani yakauma.

"Mama," akasema bila kugeuka. "Mfuko wangu siuoni."

Bibi akaketi chini karibu naye, polepole, magoti yakilia.

"Wamenipa mimi, baba. Uko nyumbani."

"Na randa yangu imo?"

"Imo. Jirani kaiazima, anaiharibu tu, kazi yenyewe hajui."

Midomo ya Kicheko ikataka kutabasamu. "Na fidia ya mkono?"

Karani akashikilia rafu. Alijua vizuri kwamba haikulipwa hata senti. Ametoka sasa hivi kwenye nyumba ya bibi huyu, na paa lake mtu unahesabu mawingu ukiwa kitandani.

"Walilipa," bibi akasema. "Walilipa yote. Nimeezeka mabati mapya, mwanangu. Mvua ikinyesha nalala mpaka asubuhi."

"Hawakukusumbua?"

"Wanisumbue wananiweza?"

Akaegemeza kichwa begani kwa yule bibi. Msumeno ukashuka, ukawa mlio wa mbu, ukawa si kitu.

"Basi umekula, mama?"

"Nimekula. Nimeshiba. Nenda kapumzike sasa, umechoka."

Akashusha pumzi moja ndefu, na harufu ya mbao ikatoka nayo. Bibi aliendelea kumpapasa kichwa, na karani hakuthubutu kumwambia kwamba aliyebaki begani pake si wa kwake tena. Kicheko mwenyewe ndiye aliyemwambia, alipofumbua macho na kumshangaa.

"Dada, huyu ni nani? Mbona mkono unaniwasha hivi?"

Bibi akauondoa mkono wake, akainuka kwa kushika ukuta.

"Mama, ngoja," karani akasema, analia, kamkumbatia mdogo wake. "Madai nitayafungua upya. Naapa, safari hii utalipwa."

"Usiyaguse."

"Ni haki yako, mama."

"Ukiyafungua, si lazima umwite?" Bibi akajikung'uta vumbi kwenye nguo. "Na ukimwita atakuja. Namjua mwanangu, hakuwa mkaidi. Mwache hapohapo alipo."

Akapita katikati ya mashati na mikanda bila kukanyaga hata kimoja, akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake taratibu, akiuzuia kwa kiganja usigonge, kama mtu aliyemwacha mtoto ndani amelala.